Kila Mahali na Maneno Yake
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Kila mmoja na akae mahali anaposikia vizuri. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya sita: bandari, msafara, boma, jeshi, mkutano, mahakama. Hapo ndipo tutakapopita leo.

Kwanza, tumfikirie mama mmoja kwa siku moja tu. Asubuhi amwambia mwanawe, "Lete maji." Njiani akutana na mzee, asema, "Shikamoo." Sokoni asema, "Punguza kidogo, bwana, bei yako kali." Jioni akaa na kalamu, awaandikia watu wa ofisi ya ardhi, "Naomba kukuarifu kwamba shamba langu limeingiliwa." Mama ni yule yule, na lugha ni ile ile, lakini maneno yamebadilika mara nne. Je, amekosea? La, hakukosea hata kidogo. Angalikosea kama angaliiambia ofisi, "Lete shamba langu." Wazee wetu husema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Jambo hili halikuanza leo. Kiswahili kimepita mahali pengi, na kila mahali kilivaa nguo nyingine. Tunapoifuata safari hiyo, jiulizeni swali moja: hapa, ni nani aliyeruhusiwa kusema, na ni nani aliyetakiwa kusikiliza tu?

Tuanze bandarini. Kiswahili kilizaliwa pwani ya Afrika ya Mashariki, nacho ni ndugu wa lugha nyingine za Kibantu. Jina lake limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Katika miji kama Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa walikutana mabaharia, mafundi, wanachuoni na wafanyi biashara. Hata huko watu hawakusema namna moja. Mtu wa Unguja akikuita husema, "Njoo." Wa Mombasa husema, "Ndoo," na mgeni huenda akadhani ametumwa kuleta chombo cha maji. Tena, mtu aliyebishana juu ya bei ya nguo bandarini alibadili maneno alipoandika barua. Barua ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Salamu zilitangulia, nazo zilikuwa ndefu na za heshima. Haja yenyewe ilifuata nyuma. Ziko barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa mwaka 1711, na mpaka leo zimehifadhiwa Goa, Bara Hindi, pamoja na karatasi za Wareno. Ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa yanayojulikana.

Sasa tutoke pwani tuufuate msafara. Katika karne ya 19 misafara ilikwenda kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji, mwendo wa miezi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na wengine walikuwa watu wa makabila mbalimbali. Hapo Kiswahili nacho kilipunguziwa mzigo. Yalibaki maneno ya kazi: maji, njia, mzigo, posho, bei, hatari. Mpagazi hakuulizwa kama sarufi yake ni sawasawa. Aliulizwa kama mbele kuna maji. Tusisahau kwamba wako watu waliopita njia hiyo hiyo wakiwa watumwa. Hao nao walijifunza Kiswahili, lakini hakuna aliyewauliza kama wanataka.

Mahali pa tatu ni boma. Wajerumani walipoitawala nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, waliona kwamba Kiswahili kimekwisha enea, wakakitumia katika kazi za serikali. Maakida na majumbe walipokea barua za Kiswahili kutoka bomani. Maneno ya utawala huo yamo vinywani mwetu hata leo. Neno "shule" ni la Kijerumani. "Hela" ilikuwa sarafu ndogo iliyoanza kutumika mwaka 1904, na leo twaita fedha zote hela. Lakini Kiswahili cha bomani kilikuwa Kiswahili cha amri: lipa kodi, toa watu wa kazi, fika siku fulani. Mtu wa kijijini aliposikia lugha ile, mara nyingi alijua kwamba kuna jambo anadaiwa.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia walikuja Waingereza. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na lahaja ya Unguja ikachaguliwa iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Faida yake ni kubwa. Mtoto wa Songea na mtoto wa Kisumu waweza kusoma kitabu kimoja. Lakini palikuwa na hasara pia. Wako waliofikiri kwamba lahaja zisizochaguliwa ni Kiswahili kibovu. Sivyo. Lahaja za Mombasa, Lamu na Pate zilikuwa na washairi wakubwa kabla kamati yo yote haijazaliwa. Kuchagua lahaja moja kwa kazi ya shule si kusema kwamba nyingine hazina thamani.

Twende sasa jeshini. Jeshi la K.A.R. liliundwa mwaka 1902, na watu wakaliita Keya. Ndani yake walipangwa pamoja watu wa Nyasa, Uganda, Kenya na Tanganyika, na katika vita ya 1939 mpaka 1945 walipelekwa mbali, mpaka Uhabeshi na Burma. Kiswahili chao kiliitwa Kikeya. Kilikuwa kifupi, kimejaa amri. Badala ya kusema, "Watu wale wawili wanakuja," askari aliweza kusema, "Ile watu mbili nakuja." Mwalimu angaliisahihisha sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Lakini usiku, adui akiwa karibu, sentensi hiyo yaweza kuokoa maisha ya mtu. Mahali pale ilitosha.

Tatizo lilitokea lugha ya amri ilipotoka kambini ikaingia kwa raia. Katika mashamba ya walowezi wa Kenya kulikuwa na Kiswahili kilichoitwa Kisetla. Mzee mwenye wajukuu aliambiwa "wewe" na "lete" kama mtoto mdogo. Huko Uganda watu wengi walikijua Kiswahili kwa kukisikia vinywani mwa askari na polisi. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, lakini utawala wake, wa 1971 mpaka 1979, ulikuwa wa hofu. Raia wengi walikumbuka kwamba aliyewapigia mlango usiku alisema Kiswahili. Ilichukua miaka mingi lugha hiyo kupata heshima mpya. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili.

Hapa, ndugu, ndipo penye kiini cha somo letu. Lugha ile ile iliyoogopwa Uganda, ilipendwa Tanganyika. Kwa nini? Kwa sababu watu waliisikia mahali pengine, kwa midomo mingine. Hapa twaingia katika mkutano. Chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954. Viongozi wake walizunguka nchini wakahutubia kwa Kiswahili, wakawaita wasikilizaji "ndugu". Kiswahili ndicho kilichotumiwa na boma kutoa amri, na sasa kikatumiwa na watu kudai uhuru wao, walioupata mwaka 1961. Katika mkutano mtu wa kawaida aliweza kusimama akauliza swali. Lugha haikubadilika sana. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kusema.

Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA. Lakini palibaki mlango mmoja mzito: mahakama. Katika Mahakama za Mwanzo Kiswahili kilitumika. Kesi ilipopanda mpaka Mahakama Kuu, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Fikirini: mtu anashtakiwa, au shamba lake linagombewa. Anatoa ushahidi kwa Kiswahili, nao unaandikwa kwa lugha nyingine. Mwisho anapewa karatasi ya hukumu, naye hawezi kuisoma. Ameshinda au ameshindwa? Atamwuliza mtu mwingine amwambie habari za maisha yake mwenyewe.

Mwaka 2021, miaka 60 tangu uhuru, Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria. Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikaachiwa nafasi pale ambapo haki itakihitaji. Kazi haikwishi siku moja, kwa maana sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na kuzitafsiri kwataka muda na uangalifu. Hata hivyo mlango umefunguliwa.

Basi, ndugu zangu, twajifunza nini? Kwanza, mtu asione haya kwa maneno ya nyumbani kwake. Lahaja ya bibi yako ina kazi yake, nayo huifanya vizuri. Pili, maneno ya nyumbani hayatoshi kila mahali. Ofisini na mahakamani yako maneno mengine, na asiyeyajua hulazimika kusemewa. Kusoma kwenu jioni hizi ni kujifunza maneno hayo, ili siku karatasi ikija nyumbani, mwenye nyumba aisome mwenyewe.

Mwalimu sasa atawaongoza katika mazungumzo. Sisi twasema kwaherini, mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUANDIKA DAFTARINI
Lahaja: namna ya kusema lugha katika sehemu fulani.
Mpagazi: mtu wa kuchukua mizigo.
Mlowezi: mgeni aliyehamia nchi akafanya maskani na kulima mashamba.
Hukumu: uamuzi wa mahakama.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Taja mambo mawili unayomwambia rafiki kwa namna moja, na mzee kwa namna nyingine.
2. Kwa nini Kiswahili kilipendwa Tanganyika, na kuogopwa na wengi Uganda?
3. Je, umewahi kupewa karatasi usiyoweza kuisoma? Ulifanyaje?
4. Andika barua fupi kwa ofisi ya ardhi kueleza kwamba shamba lako limeingiliwa. Kisha mweleze jirani yako jambo hilo hilo kwa mdomo. Ni maneno gani yamebadilika?