Misuli ya paja na maumivu ya pia ya goti

Maumivu ya mbele ya goti huwasumbua wanamichezo na hata watu wasiokimbia kamwe. Aghalabu lawama hutupiwa goti lenyewe, ilhali chanzo chaweza kuwa pajani au nyongani.

Pia ya goti, au kilegesambwa, ni mfupa mdogo uliofumbatwa ndani ya kano nene. Juu, kano hiyo imeshikana na misuli ya mbele ya paja. Chini, imeshikana na mfupa wa muundi. Pia hufanya kazi ya wenzo, ikiiongezea misuli nguvu ya kunyoosha goti.

Misuli hiyo ni minne. Mmoja, ulio wima katikati, huanzia kwenye mfupa wa nyonga, na kwa hivyo husaidia vilevile kuinua paja. Mitatu huanzia kwenye mfupa wa paja: mmoja upande wa nje, mmoja upande wa ndani, na wa tatu umelala chini ya ule wa wima.

Goti linapokunjwa, pia huteleza katika mfuo ulio mwishoni mwa mfupa wa paja. Kwa kuwa mfupa huo huteremka kwa mshazari kuelekea ndani, misuli inapokaza huelekea kuivuta pia upande wa nje. Ukingo wa nje wa mfuo, ulioinuka zaidi, huizuia. Nyuzi za chini za msuli wa ndani nazo huivuta irudi njiani.

Mwaka 1968, watafiti Lieb na Perry wa Marekani walieleza kuwa kazi mahsusi ya nyuzi hizo ni kuiweka pia katika njia yake. Tangu hapo, waganga wengi walihusisha maumivu na udhaifu wa msuli huo.

Hata hivyo, tafiti za baadaye zimetofautiana. Kwa baadhi ya wagonjwa msuli wa ndani huchelewa kukaza kuliko wa nje. Kwa wengine hakuna tofauti. Aidha, udhaifu waweza kuwa matokeo wala si chanzo, kwani maumivu na uvimbe huinyima misuli ya paja nguvu. Mfuo usio na kina, kano za ndani zilizolegea na kuongeza mazoezi kwa ghafla huchangia pia.

Ndiyo sababu wataalamu hawashauri tena kuhangaikia msuli mmoja. Mazoezi yanayoimarisha paja lote pamoja na nyonga, kama vile kuchuchumaa kidogo, kupanda ngazi na kuinua mguu ukiwa umelala ubavu, huwafaa wengi, mradi yaongezwe hatua kwa hatua. Kupumzika kabisa kwa muda mrefu huzidi kuidhoofisha misuli.

Lakini goti lililovimba ghafla baada ya kuumia, linalokwama, lisiloweza kubeba uzito wa mwili, au ambalo pia yake imehama, halifai kusubiri mazoezi. Mgonjwa amwone daktari mara moja.