Fundi Akirudi na Hesabu ya Pili

Akina mama wenzangu, na ninyi majirani na wafadhili mliotushika mkono miaka kumi hii,

Kamati ya kijitabu iliniomba niandike makala ya historia. Historia ya kikundi chetu ameiandika katibu katika kurasa za mbele, kwa hiyo mimi nimechagua historia ya jambo moja lililotusumbua tangu mkopo wa kwanza wa nyumba: fundi kurudi na hesabu ya pili. Nani asiyeijua? Umepatana naye bei ya kubadilisha bati, umechukua mkopo kwa bei hiyo, na marejesho yamepangwa kwa bei hiyo hiyo. Siku ya tatu fundi anashuka ngazi: "Mama, kenchi zimeliwa na mchwa, mbao hizi hazishiki msumari." Bati la zamani limekwisha shushwa, mawingu yanakusanyika, vyombo viko uani. Hapo hata usipokubali, umekubali.

Wengi wetu husema hii ni tabia ya mafundi wa huku kwetu, au ni kuonewa kwa mwanamke asiye na mwanamume wa kusimama pale kazini. Si uongo wote. Lakini jambo lenyewe ni la zamani, na limewapata watu wenye fedha na elimu kuliko sisi sote tukiwekwa pamoja. Nitaeleza nyumba mbili. Ya kwanza nitaipita haraka, maana mwenyewe alikuwa mfalme, na mfalme akipungukiwa haendi kumbembeleza mweka hazina wa kikundi.

Mfalme huyo ni George wa Nne wa Uingereza. Katika miaka ya 1820 aliamua kukarabati nyumba iliyokuwa ya wazazi wake mjini London, Buckingham House, iwe kasri. Kazi akampa mbunifu majengo aliyempenda, John Nash. Ilianza kama ukarabati. Ikawa kuvunja mabawa ya nyumba na kuyajenga upya makubwa zaidi, na mbele likawekwa lango la marumaru. Kila mfalme alipopenda kitu kipya, Nash hakumkatalia, na Nash mwenyewe naye alipenda vitu vipya. Kufikia 1829 gharama zilikaribia pauni nusu milioni, mbali sana na kiasi ambacho Bunge lilikubali mwanzoni. Mfalme akafa mwaka 1830 bila kulala humo hata usiku mmoja, na mwaka huo huo Nash akaachishwa kazi. Fundi mwingine, Edward Blore, akapewa amalizie. Malkia Victoria alipohamia mwaka 1837 alikuta mabomba ya moshi yakirudisha moshi vyumbani! Fedha zote zile, na jiko bado linafuka.

Nyumba ya pili ndiyo ninayotaka tukae nayo, kwa sababu mwenyewe alikuwa mwanamke aliyejenga kwa jasho lake.

Edith Farnsworth alizaliwa mwaka 1903. Alikuwa daktari wa figo katika mji wa Chicago, Marekani, wakati ambapo wanawake madaktari walikuwa wachache hata kule. Hakuwa na mume wala mtoto. Alinunua kiwanja kando ya mto unaoitwa Fox, karibu na mji mdogo wa Plano, kama kilomita 90 kutoka Chicago, akitaka nyumba ndogo ya kupumzikia mwisho wa wiki. Mwaka 1945, kwenye chakula cha jioni kwa rafiki, alikutana na Ludwig Mies van der Rohe, Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1938 na aliyekuwa mmoja wa wabunifu majengo wenye sifa kubwa duniani. Wakazungumza habari ya nyumba, wakawa marafiki. Wakaenda pamoja kuangalia kiwanja na kula chakula ukingoni mwa mto.

Nimelitaja hilo la urafiki makusudi. Katika mazungumzo yote hayo hakuna mkataba uliotiwa sahihi. Hata ujira wa Mies haukuandikwa mahali. Nadhani yule mama aliona haya kumwambia mtu mkubwa kama yule, tena rafiki, "tuandikishane." Haya hiyo tunaijua. Fundi ni mtoto wa shangazi, au ni mtu wa msikitini au kanisani kwetu, tutaanzaje kumtolea karatasi?

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kikubwa, kama mita za mraba 140, pande zote nne vioo kutoka sakafuni hadi darini. Kwa kuhofia mafuriko kiliinuliwa kiasi cha mita moja na nusu kutoka ardhini, juu ya nguzo nane za chuma. Sakafu ilikuwa ya mawe ya travatini. Pale chuma kilipounganishwa na chuma, alama za kuchomelea zilisagwa mpaka zisionekane, kisha kikapakwa rangi nyeupe. Mfano mdogo wa nyumba hiyo ulionyeshwa katika jumba la makumbusho la New York mwaka 1947, kabla hata msingi haujachimbwa. Kwa hiyo sifa zilitangulia kabla ya nyumba, na mtu akishasifiwa kwa kazi ambayo bado hajaifanya, si rahisi umwambie apunguze mawe.

Ujenzi ukaanza. Mies alikuwa ndiye mbunifu na ndiye msimamizi wa ujenzi, yaani anayechora, anayenunua na anayeleta hesabu ni ofisi moja. Kwa maelezo ya Edith, bei waliyoelewana ilikuwa dola 40,000. Mwezi Juni 1950 vita vya Korea vikaanza, bei za vifaa zikapanda. Hesabu ikawa inakuja, analipa; inakuja nyingine, analipa. Mwisho wa mwaka huo nyumba ilikuwa tayari kulaliwa, na yeye alikuwa amekwisha toa kama dola 73,872. Kila dola 10 alizojipangia ziligeuka kuwa zaidi ya 18.

Na nyumba ikaanza kusema. Dari lilivuja. Wakati wa baridi vioo vilijaa ukungu hata nje huoni. Wakati wa joto jua lilimchoma humo ndani. Mbu wa mtoni walikuwa wengi mpaka ikabidi baraza liwekewe wavu, ambao haukuwa katika mchoro. Ukweli ni kwamba picha za nyumba hii ni nzuri mno, na wanafunzi wa ubunifu majengo wanafundishwa habari zake hadi leo. Lakini aliyelala mle alikuwa Edith.

Mwaka 1951 urafiki ulikuwa umekwisha, na Mies akamshitaki. Alidai dola 28,173, zikiwa ni ujira wake na fedha alizosema zilibaki hazijalipwa. Edith naye akafungua madai ya kurudishiwa dola 33,872, yaani zote alizotoa kupita zile 40,000. Kesi ilisikilizwa mwaka 1952 katika mji mdogo wa Yorkville, na ushahidi ulijaza maelfu ya kurasa. Yeye alisema 40,000 ndiyo iliyokuwa bei. Upande wa pili ukasema ile ilikuwa makisio ya mwanzo tu, na kwamba alikuwa akiarifiwa kila gharama ilipopanda. Karatasi ya kukata maneno haikuwepo. Zilizokuwepo ni hesabu zilizoletwa na malipo yaliyofanyika. Mwaka 1953 aliyeteuliwa kusikiliza shauri akatoa maoni yake kwa upande wa Mies. Mwishowe waliyamaliza nje ya mahakama, kwa kiasi kidogo kuliko kile alichodai Mies.

Sasa, wako wanaosema yule daktari alionewa, na wako wanaosema alijua yote akageuka baadaye. Mimi siingii humo. Ninachokiona ni kwamba bei ilipanda kwa sababu za aina tofauti kabisa, na zote zilitumbukizwa katika kapu moja. Bei ya chuma ikipanda kwa ajili ya vita, hilo si kosa la mwenye nyumba wala la fundi. Kusaga chuma mpaka alama isionekane ni uchaguzi wa mbunifu. Kama mwenye nyumba hakuuomba, kwa nini uingie kimya kimya katika hesabu yake? Wavu wa mbu ni hitaji lililojulikana baadaye. Kila kimoja kilistahili swali lake na jibu lake siku ile ile, kabla ya kulipa, maana malipo uliyokwisha kutoa yanasema kwa niaba yako hata kama moyoni ulinung'unika.

Kwetu huku ni vivyo hivyo, isipokuwa ukarabati una siri nyingi kuliko jengo jipya. Hakuna fundi anayeona ndani ya ukuta. Ukigonga lipu ya zamani unaweza kukuta udongo badala ya tofali. Ukichimbua sakafu ya choo unaweza kukuta hapakuwa na jamvi. Fundi mkweli naye hukutana na hayo. Tena fundi mkweli huumia zaidi, kwa kuwa yule aliyetaja bei ya chini alipata kazi, na yule aliyetaja bei kamili aliambiwa ni ghali.

Katika majengo makubwa jambo hili lilitafutiwa njia zamani. Mkadiriaji majenzi huandika kazi kipande kwa kipande, na pembeni hutengwa fedha ya dharura, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10 ya gharama. Fedha hiyo haiguswi bila ruhusa ya mwenye kazi. Kila badiliko huandikwa na kutiwa sahihi kabla halijafanywa, na sehemu ya malipo huzuiliwa mpaka ionekane kwamba paa halivuji. Hakuna hata moja hapo lisiloweza kuingia katika daftari la shule. Kwa nyumba ya zamani mimi ningetenga zaidi ya hizo asilimia 10, hasa kama hakuna aliyepanda darini kutazama.

Na kuhusu kuandikiana: hapa Tanzania makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba mbele ya sheria. Shida ni kuyathibitisha. Mwenzetu mmoja alikuwa na kawaida ya kuandika kila badiliko nyuma ya kalenda ya ukutani, na fundi anaweka sahihi kwa penseli ile ile ya kupimia mbao. Fundi hakuwahi kuchukia. Alisema inamsaidia hata yeye kukumbuka, maana ana kazi nyumba tatu.

Edith alikaa na nyumba yake miaka mingi baada ya kesi. Mwaka 1954 mto ulifurika na maji yakaingia ndani, juu ya zile nguzo. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 aliiuza, akahamia Italia, na huko alifariki mwaka 1977. Mwaka 2003 nyumba ilipigwa mnada, ikanunuliwa kwa kama dola milioni 7.5 ili ihifadhiwe na watu waitembelee. Mwaka 2021 wahifadhi waliibadilisha jina: badala ya jina la ukoo peke yake, sasa inaitwa Nyumba ya Edith Farnsworth.

Kamati ya mikopo nayo imekubali kuongeza mstari mmoja katika fomu ya mkopo wa nyumba, chini ya bei ya fundi: fedha ya yaliyofichika. Mkopaji ataijaza mwenyewe baada ya fundi kupanda darini na kugonga kuta, si kabla. Isipotumika itaingizwa katika akiba yake. Fomu mpya ziko kwa katibu siku za mkutano, na anayehitaji msaada wa kuijaza aje mapema kidogo, kabla hatujaanza kuhesabu michango.