Kobe iliponyamaza: historia fupi ya kupima mtikisiko

Julai 2007 watu walitoka mbio kwenye maghorofa ya Nairobi. Ardhi ilitikisika kwa siku kadhaa, na chanzo kilikuwa mbali, karibu na mlima Gelai kaskazini mwa Tanzania. Tetemeko kubwa zaidi, la Julai 17, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Lakini namba hiyo haikumwambia mtu wa ghorofa ya kumi, wala mchungaji wa ng'ombe kule Gelai, ametikiswa kiasi gani yeye mwenyewe.

Wengi wetu huchanganya mambo mawili hapa. Ukubwa, ambao Charles Richter aliutungia kipimo huko California mwaka 1935, ni mmoja kwa tetemeko zima. Mtikisiko hutofautiana mahali na mahali. Fikiria spika ya matatu: muziki ni uleule, ila aliye ndani anaziba masikio na aliye ng'ambo ya barabara anasikia besi tu.

Kupima mtikisiko kulianza kabla ya Richter, tena bila mashine. Mwitaliano Giuseppe Mercalli alitoa kipimo chake mwaka 1902, na maswali yake yalikuwa ya kawaida kabisa. Je, waliolala waliamka? Vyombo vilianguka? Ukuta ulipasuka? Kwa lugha yetu sisi waandishi wa programu, binadamu ndiye aliyekuwa sensa.

Wajapani walikuwa wameanza mapema zaidi, mwaka 1884, kwa kipimo cha madaraja manne. Madaraja yakaongezeka. Tetemeko la Fukui la mwaka 1948 lilipobomoa mji, mwaka uliofuata wakaongeza daraja la juu kabisa, la 7. Ila daraja hilo lilikuwa na sharti: wataalamu waende wenyewe wakahesabu nyumba. Zikiwa zimeanguka asilimia 30 au zaidi, hapo ni 7.

Umeona tatizo liko wapi? Jibu linapatikana wakati waliofukiwa wameshasubiri mno.

Januari 17, 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, zamu ya Kobe ikafika. Taarifa za kwanza zilitaja daraja la 5 katika miji kama Kyoto. Kobe haikutajwa, kwa sababu mawasiliano yake yalikuwa yamekatika. Aliyesikiliza taarifa hizo angeweza kudhani Kyoto ndiyo iliyoumia, kumbe mji uliokuwa ukiwaka moto ndio uliokuwa kimya. Baadaye ikaja namba ya 6 kutoka Kobe. Ile 7, ya kwanza tangu daraja hilo liwekwe, ilitangazwa siku kadhaa baadaye, nyumba zilipokwisha kukaguliwa. Watu zaidi ya 6,400 walikufa katika janga hilo.

Japani ilijifunza. Mashine zilikuwa zimeanza kutumika, na Aprili 1996 kupima kwa hisia za binadamu kukaachwa kabisa. Mashine hupima jinsi ardhi inavyobadili mwendo pande tatu: kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, juu na chini. Kisha hupiga hesabu na kutoa namba, ikifika 6.5, hilo ni daraja la 7. Hakuna tena kungoja kuhesabu nyumba. Oktoba mwaka huohuo madaraja ya 5 na 6 yaligawanywa mara mbili, yakawa madaraja kumi kwa jumla ukianzia 0. Leo nchi nzima ina vituo zaidi ya 4,000.

Basi shida imekwisha? Ngoja kwanza.

Oktoba 23, 2004, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga mkoa wa Niigata. Katika mji mdogo wa Kawaguchi mashine ilifanya kazi yake sawasawa, ikaandika 7, ya kwanza kabisa kupimwa na mashine. Lakini namba haikutoka mjini. Mawasiliano yalikatika, na ilijulikana wiki moja baadaye, data zilipochukuliwa kutoka kwenye mashine yenyewe. Miaka tisa baada ya Kobe, na teknolojia mpya mkononi, mahali palipotikisika zaidi pakawa kimya tena.

Kila mwandishi wa programu anajua kosa hili. Sehemu iliyo tupu kwenye hifadhidata si sifuri. Sifuri maana yake tumepima, hakuna kitu. Tupu maana yake hatujui. Katika ripoti ya mauzo ukichanganya hizo mbili utaaibika mbele ya bosi, basi. Katika ramani ya tetemeko, magari ya uokoaji yatakwenda mji usio wake.

Kwa hiyo ukitengeneza mfumo wowote wa dharura, hata wa mafuriko ya mtaani kwako, weka rangi ya peke yake kwa kituo kisichojibu. Tena rangi kali. Huenda huko ndiko wanakokuhitaji kwanza.