Viti Vitatu Bungeni, Dawati Moja Darasani

Batwa ni wenyeji wa zamani wa misitu ya Maziwa Makuu. Wako Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda, na wengine tunapanga nao foleni ya maji humu kambini. Tukizungumzia haki za watu wa asili, basi tusitafute mbali.

Uhusiano wao na serikali ulianza vibaya. Mwaka 1970 Kongo ya Mobutu ilifanya Kahuzi-Biega kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1975 ikaipanua. Batwa waliokuwa wakiishi humo wakatolewa. Uganda nayo ikafanya hivyo Bwindi na Mgahinga mwaka 1991. Gorila wakapata ulinzi, watu wakabaki bila msitu na bila shamba.

Burundi ilifungua mlango kwa njia nyingine. Mkataba wa amani uliosainiwa Arusha mwaka 2000 ulizaa katiba ya 2005, na katiba hiyo ikawapa Batwa viti vitatu bungeni na vitatu kwenye seneti. Mwaka 2020 Imelde Sabushimike akawa Mutwa wa kwanza kuwa waziri nchini humo, na haki za binadamu zikawa ndani ya wizara yake.

Lakini safari haikunyooka. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili kwa kura 144. Burundi, yenye viti vile, haikuunga mkono wala kupinga. Kongo iliunga mkono, halafu ikakaa miaka 15. Sheria yake ya kulinda Batwa na ndugu zao wa msituni ilisainiwa Julai 2022 tu, baada ya watetezi wao kuisukuma kwa miaka mingi.

Na shule je? Burundi ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 2005, Kongo ikaanza mwaka 2019. Hatua kubwa hiyo. Ila ada ikiondoka, daftari linabaki, sare inabaki, njaa inabaki. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anasumbuka kuandikishwa. Akishaingia darasani, wenzake wanakataa kukaa naye dawati moja eti kwa sababu ni Mutwa. Hapo hakuna mbunge anayeweza kumsaidia, anayeweza ni mwalimu na mzazi wa jirani.

Ndiyo maana vyama vya Batwa wenyewe, kama UNIPROBA ya Burundi, vina kazi ambayo serikali haiwezi kuifanya peke yake. Wao wanajua ni nyumba gani mtoto ameacha shule, na kwa nini.

Ndugu wa mashirika, mnapoandika orodha ya watoto wasiosoma, angalieni pia nani ameitwa kwenye mkutano wa wazazi. Na sisi wakazi, mama wa Kitwa akifika, tumsogezee benchi, halafu tumwache aongee mpaka amalize.