ORM

ORM ni aina ya programu inayounganisha lugha ya programu na hifadhidata ya majedwali. Herufi hizo ni kifupi cha jina lake la Kiingereza. Mtengenezaji wa tovuti anayeitumia huandika kwa lugha aliyoizoea, kama vile Python, PHP au Java, nayo ORM hutunga amri za SQL kwa niaba yake. Njia nyingine ni kuandika amri hizo kwa mkono.

Historia

SQL ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM nchini Marekani katika miaka ya 1970, kwa kufuata nadharia iliyotolewa na Edgar F. Codd mwaka 1970. Lugha nyingi za programu zilizoenea baadaye hupanga data kama vitu vyenye sifa zao, si kama mistari ya jedwali. ORM zilitengenezwa ili kuziba pengo hilo. Kati ya zinazojulikana ni Hibernate ya Java, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, pamoja na zile za Ruby on Rails (2004), Django (2005) na SQLAlchemy (2006).

Faida

ORM hupunguza kazi ya kurudiarudia, kwa sababu kuongeza, kusoma, kubadilisha na kufuta rekodi huhitaji mistari michache tu. Pia hurahisisha kuhama kutoka hifadhidata moja hadi nyingine, kwa mfano kutoka SQLite kwenda PostgreSQL.

Tatizo la N+1

Tuchukue ukurasa unaoorodhesha vitabu 100 pamoja na jina la mwandishi wa kila kimoja. ORM isipoelekezwa, mara nyingi hutuma amri 1 ya kupata vitabu, kisha amri nyingine 100 za kutafuta waandishi. Amri moja ya SQL yenye JOIN ingetosha. Wakati wa majaribio, data zikiwa chache, kasoro hii haionekani; hujitokeza tovuti inapopata watumiaji wengi. Django ina njia ya kuiepuka iitwayo select_related, lakini anayeihitaji ni lazima aelewe SQL inayotungwa nyuma yake.

Usalama

Kubandika maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL humpa mshambuliaji nafasi ya kupenyeza amri zake mwenyewe. Kinga yake ni kutuma amri na thamani kila moja kando. ORM hufanya hivyo kwa kawaida. Anayeandika kwa mkono anaweza kufanya vilevile, ila asisahau hata mara moja.

Kuchagua njia

Si lazima mradi mzima ufuate njia moja. ORM hufaa kwa shughuli za kila siku za kuhifadhi na kusoma rekodi. SQL ya mkono hufaa kwa ripoti, hesabu za jumla na kurasa zinazohitaji kasi. Django na SQLAlchemy huruhusu zote mbili. Dapper, iliyotokana na kazi ya tovuti ya Stack Overflow, iko katikati: mtengenezaji huandika SQL mwenyewe, nayo hugeuza matokeo kuwa vitu.

Tazama pia

Hifadhidata
SQL
PostgreSQL