Kelele ya Kwanza Haifutiki

Ndugu msikilizaji, tukizungumzia historia ya redio huwa tunamtaja Marconi, kisha tunakimbilia majina ya watangazaji. Leo naomba tuizungumzie hesabu. Haina sura wala sauti, lakini ndiyo inayoamua kama utapata taarifa ya habari au mkwaruzo mtupu.

Mwaka 1944 Harald Friis, mhandisi mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara za Bell huko Holmdel, jimbo la New Jersey, Marekani, alichapisha makala kuhusu kelele ndani ya vipokezi vya redio. Alionyesha kwamba kila kifaa katika mlolongo, iwe waya, kikuza mawimbi au kipokezi chenyewe, huongeza kelele yake. Lakini havilingani. Kelele ya kifaa cha nyuma hugawanywa kwa ukuzaji wa vyote vilivyokitangulia. Kwa hiyo aliye mbele ndiye mwenye kauli.

Tuchukue mfano. Kifaa kisichoongeza kelele hata kidogo tukipe alama 1. Tunacho kikuza mawimbi chenye alama 1.26, kinachokuza mara 100. Waya mrefu unaopoteza nusu ya nguvu, wenye alama 2. Na kipokezi chenye alama 10. Tukianza na kikuza mawimbi, kisha waya, kisha kipokezi, mlolongo mzima unapata alama 1.45. Tukitanguliza waya, tunapata 2.70. Vifaa ni vile vile, gharama ni ile ile. Kilichobadilika ni nani ametangulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hata huo ukuta haujengeki: kikuza mawimbi kilichochelewa hukuza sauti na kelele kwa pamoja.

Huko huko Holmdel, mwaka 1964, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na eriali kubwa yenye umbo la pembe. Walihesabu kelele yao kama muuza duka anayefunga mahesabu jioni. Jumla ilikuwa nyuzi 6.7 za Kelvin. Anga ilichukua 2.3. Eriali yenyewe, pamoja na ardhi, 0.9. Zikabaki 3.5 zisizo na mwenyewe. Waliwafukuza njiwa waliokuwa wameweka kiota ndani ya pembe ile, wakasafisha kinyesi chao. Hesabu ikakataa kufungika. Masalio yale yalikuwa mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga na wenye joto kali. Matokeo yalichapishwa mwaka 1965, na mwaka 1978 wakapata Tuzo ya Nobel. Nawauliza: wangeyatambuaje masalio kama wasingeandika kila kitu kwenye mstari wake?

Kwa miaka mingi hesabu za namna hii zilifanywa kwa karatasi na rula ya kukokotolea. Ukibadilisha kifaa kimoja, unafuta na kuanza upya. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa VisiCalc, programu ya majedwali kwa kompyuta ya Apple II. Bricklin aliibuni alipokuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, akiwaza habari za faida na hasara. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3, na mwaka 1985 Excel. Wahandisi wa redio hawakuchelewa kuona kwamba jedwali la mhasibu linawafaa. Safu moja kwa kila kifaa, mstari mmoja kwa ukuzaji, mwingine kwa kelele, na jumla chini. Ukibadilisha tarakimu moja, jumla inabadilika papo hapo. Kazi iliyokuwa ya maabara kubwa ikaingia mezani kwa fundi mwenye kompyuta moja.

Hata hivyo, jedwali halina macho. Mafundi hupima kwa desibeli, lakini kanuni ya Friis hutaka uwiano wa kawaida. Anayesahau kubadilisha atapewa jibu safi, lililopangwa vizuri, na la uongo.

Ukitaka ushahidi wa mambo haya, tazama dishi la jirani yako. Kile kidude kilichofungwa mbele ya dishi, ambacho mafundi wetu hukiita LNB, ndani yake mna kikuza mawimbi. Kimewekwa juani na mvuani, wakati sebuleni pana nafasi, kwa sababu lazima kitangulie waya. Fundi akikuuzia LNB hafifu, ukakimbilia kununua king'amuzi cha bei mbaya ili kuponya picha, umetupa fedha.

Kwetu sisi wa habari, naona kanuni hii haina huruma pia. Habari ikiharibika kwa mwandishi aliyeko tukioni, msomaji mwenye sauti nzuri studioni ataikuza tu pamoja na uharibifu wake. Wakubwa wa vyombo vya habari wanaonunua mitambo mipya huku wakimnyima nauli mwandishi wa wilayani, wakae na jedwali hilo jioni moja.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.