Ramani na Maji katika Uwanda wa Colorado

Uwanda wa Colorado, magharibi ya Marekani, ni nchi ya juu iliyo kame, na mito yake hupita chini mno katika makorongo, hata mwenye kiu aweza kuyaona maji asiweze kuyafikia. Kabla ya mwaka wa 1869 ramani za serikali ziliiacha sehemu kubwa ya nchi hiyo nyeupe, kana kwamba haina wenyewe. Walakini Wapaiute walizijua chemchemi zake na kuzipa majina.

Mwaka huo John Wesley Powell, aliyepoteza mkono wa kulia vitani, aliuteremka mto pamoja na watu 9 kwa mashua 4. Safari ilimpa sifa, lakini apiganaye na maporomoko hapati nafasi ya kupima sawasawa. Ramani hasa ni kazi ya shemeji yake, Almon Harris Thompson, katika safari ya pili iliyoanza 1871. Wapimaji walipima mstari wa msingi karibu na kijiji cha Kanab, kisha wakapanda kilele baada ya kilele, wakiunganisha pembetatu kwa pembetatu. Mwaka wa 1872 Thompson akatambua mto usiokuwamo katika ramani yoyote, akauita Escalante. Jina Kaibab, yaani mlima uliolala, lilibaki la Kipaiute. Majina yalihifadhiwa kuliko haki za waliyoyatoa.

Mwaka wa 1888 Bunge la Marekani lilimwagiza Powell achague mahali pa mabwawa katika nchi zote kame. Wasaidizi wake walichora mistari ya kimo, wakatafuta bonde pana lenye mlango mwembamba, wakapima eneo lililozungukwa na kila mstari. Hivyo ujazo wa maji ulihesabiwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Lakini ardhi ilifungwa wakati upimaji ukiendelea, na walanguzi wakapiga kelele. Mwaka wa 1890 Bunge likaikatia kazi hiyo fedha. Walimshitaki kwa kukawia. Kosa lake hasa lilikuwa kuwatangulia.

Katika Glen Canyon, korongo alilolipa jina yeye mwenyewe, milango ya bwawa ilifungwa mwaka wa 1963. Maji yalipanda hadi kimo cha futi 3,700 mwaka wa 1980, na ziwa hilo likaitwa Powell. Wapimaji walirudi mwaka wa 2017 na 2018, wakipima kina kwa mwangwi wa sauti na kingo kwa miale kutoka angani. Ziwa lilikuwa limepoteza karibu asilimia 7 ya ujazo wake wa 1963, mahali pake pameshikwa na mchanga na tope.